Imani, Mizani na Mtaji

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa vyama wanachama kutoka wilaya za Mbulu na Hanang. Yanachapwa hapa kwa ombi la wajumbe wenyewe, ili yasomwe na kujadiliwa vyamani.)



Nimepewa heshima ya kusema nanyi leo juu ya imani ya Kikristo na kuanzisha biashara. Nilipoletewa barua ya mwaliko nilisita kidogo, kwa sababu mimi si padre wala mchungaji, na elimu ya uchumi sikuisomea. Mimi ni katibu mstaafu wa chama cha msingi, ni mzee wa kanisa, na ni mtu aliyeanzisha biashara mara tatu na kuanguka mara mbili. Baada ya kufikiri niliona kwamba huenda mliniita hasa kwa ajili ya kule kuanguka. Basi nimekuja.

Jambo lililo mbele yetu mnalifahamu. Vyama vyetu vya akiba na mikopo vinapokea maombi mengi ya vijana wanaotaka mtaji. Mmoja anataka kununua vitunguu saumu huku nyanda za Mbulu na kuvipeleka Arusha. Mwingine anataka mashine ya kukamua alizeti kule Hanang. Mwingine duka la pembejeo Haydom au Dongobesh. Wengi wao hawana wadhamini, lakini wanayo barua ya mchungaji au ya paroko inayosema kwamba wao ni waumini wema. Nayo hoja imeletwa kwamba barua hiyo ikubaliwe mahali pa wadhamini. Waliotoa hoja hii ni watu ninaowaheshimu, na nia yao ni njema. Nitatoa maoni yangu juu yake, lakini naomba mniruhusu nifike huko polepole.

Kabla ya yote, najua kwamba humu ndani wamo Waislamu, na wamo wazee wanaoshika mila za Wairaqw na za Wabarbaig. Chama cha ushirika hakimwulizi mtu dini yake anapoleta gunia lake. Mimi nasema juu ya imani niliyolelewa ndani yake, kwa kuwa ndiyo ninayoijua. Mwenye imani nyingine apime mwenyewe kama maneno haya yanamfaa.

BIASHARA NA MWUMINI

Wenye umri wangu watakumbuka kwamba kulikuwa na wakati ambapo neno mfanyabiashara lilikuwa karibu sana na neno mlanguzi. Mwaka 1983 ilipoendeshwa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, mtu mwenye mifuko michache ya sukari nyuma ya nyumba alilala macho. Hata kanisani mwenye duka alitazamwa kwa jicho la pembeni. Mkulima alihesabiwa kuwa mtu wa Mungu, na mchuuzi akahesabiwa kuwa mtu wa dunia.

Lakini Maandiko hayasemi hivyo. Mtume Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila, akafanya nao kazi ya kushona mahema, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi ya mikono yao. Kule Filipi nyumba iliyompokea ilikuwa ya Lidia, mwanamke aliyeuza nguo za rangi ya zambarau. Yesu mwenyewe alijulikana kijijini kwake kuwa seremala, na seremala hutengeneza kitu akaombwa bei. Biashara ya halali ni kazi kama kulima ni kazi.

Siku hizi limezuka kosa la upande wa pili. Wako wanaowafundisha vijana wetu kwamba imani yenyewe ni mtaji: toa sadaka kubwa, kiri kwa kinywa, na mali itakufuata. Kosa la kwanza lilimzuia mwumini asifanye biashara. Hili la pili linamwingiza katika biashara akiwa amefumba macho. Mimi nililishika kosa hili la pili, tena nikiwa na mvi kichwani, na sasa nitawaeleza jinsi lilivyonigharimu.

KUHESABU GHARAMA

Mwaka 2017, nikiwa nimekwisha kustaafu ukatibu, nilikopa shilingi 3,000,000 katika chama cha akiba na mikopo ili ninunue mbaazi. Nilinunua mwanzoni mwa msimu, nikazihifadhi, nikitumaini kwamba bei itapanda kama ilivyokuwa imepanda miaka ya nyuma. Mwezi wa Agosti mwaka huo Serikali ya India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini mwao kutoka nje. Kila mkulima wa Hanang na Babati anakumbuka yaliyofuata.

Bei ilipoanza kushuka, mwenzangu mmoja alinishauri niuze haraka na kukubali hasara ndogo. Nilimjibu kwamba nimeliombea jambo hili na Mungu hawezi kuniacha. Wiki ile nilisifiwa kanisani kwa uthabiti wangu. Mbaazi zikakaa ghalani, bei ikaendelea kuanguka, wadudu wakaingia magunia ya chini. Nilipouza sikupata hata nusu ya fedha niliyokopa.

Ndugu zangu, nilikuwa nimesoma mara nyingi ule mfano katika Injili ya Luka, wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye imempasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama asije akachekwa na wapitao njiani. Nilikuwa nimeufundisha hata kwa watoto wa kipaimara. Lakini nilipoombea mbaazi sikuketi kuhesabu. Sikuuliza ni nani anayezila mbaazi hizi, wala kama ana sababu ya kuzikataa. Sikujiuliza nitafanya nini bei ikianguka kwa nusu. Nilichokiita imani kilikuwa ni uvivu wa kuuliza, nami nikauvika joho la dini.

Nilikuwa na wadhamini wawili. Mmoja wao alimwuza maksai wake wa kulimia ili alipe sehemu yake ya deni langu. Alinipita Jumapili mlangoni pa kanisa, akanisalimu kwa heshima kama siku zote, akaingia. Msimu uliofuata alilima kwa kuazima maksai wa jirani, naye jirani hukuazima akimaliza shamba lake, mvua zikiwa zimekwisha kupita. Sijapata kusikia mahubiri yaliyonichoma kuliko salamu ile.

MIZANI

Kosa jingine ni la zamani zaidi, nami naona aibu kulitaja kuliko lile la mbaazi. Mnamo miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, nilifungua duka dogo na kuanza kununua vitunguu saumu kwa majirani. Nilinunua kwa lumbesa kama wenzangu wote. Gunia lililopaswa kuwa la kilo 100 tulilipandisha kilemba, tukalishona kwa kamba, na kilo zilizozidi hatukuzilipia. Tuseme ziada hiyo ilikuwa kilo 20 kwa kila gunia. Mjane aliyeniuzia magunia sita alinipa kilo 120 bure, yaani zaidi ya gunia zima. Msimu ule nilinunua magunia 70 kutoka kaya tisa. Pigeni hesabu: kilo 1,400, sawa na magunia 14, zilitoka mikononi mwa watu maskini kuliko mimi bila hata senti moja.

Siku moja baada ya ibada, mjane yule alinifuata pale nilipokuwa nikihesabu sadaka. Akaniambia kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie: "Mzee, kapu lako la sadaka ni dogo, wala halina kilemba. Mbona gunia lako la Jumatatu linacho?" Nikamjibu, "Mama, hiyo ndiyo desturi ya soko." Akasema, "Haya, Mzee," akaenda zake.

Desturi ya soko! Katika Torati, kitabu cha Mambo ya Walawi, watu wa Mungu waliagizwa wawe na mizani ya haki na vipimo vya haki. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakingoja sabato ipite upesi ili wafungue ghala zao, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Watu wale walishika sabato vizuri. Ibada yao haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa sokoni.

Nilikaa na neno la mama yule karibu mwezi mzima. Mwishowe nilichukua daftari nikazizungukia kaya zote tisa, nikalipa thamani ya kilo nilizozidisha. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mimi sikufikia huko. Nilirudisha kile nilichokichukua tu, na hata hicho kilinichukua misimu miwili. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kufariki, nikawapa watoto wake. Wanunuzi wenzangu waliniona mpumbavu, na wengine walikasirika, kwa kuwa wakulima walianza kuwauliza maswali.

Nisiwadanganye kwamba baada ya kutubu biashara ilistawi. Haikustawi. Kununua kwa kilo halali katikati ya watu wanaonunua kwa lumbesa ni kushindana na mtu anayepewa gunia la sita bure. Ndiyo sababu nasema kwamba haki ya mizani ni mzigo mzito kwa mtu mmoja, lakini ni jambo linalowezekana kwa chama. Wale watu 28 waliofungua duka lao la ushirika Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, hawakuwa na utajiri wowote. Walianza na unga, siagi na sukari, wakaahidi bidhaa safi na kipimo kamili, nao wakasimama pamoja. Sheria yetu ya vipimo inakataza lumbesa, lakini sheria haiwezi kusimama katika kila shamba. Mizani ya chama inaweza.

FUNGU LA KUMI NA MTAJI

Sasa niseme jambo ambalo wengi huniuliza faraghani, hasa akina mama wenye biashara ndogo. Je, fungu la kumi litolewe katika nini?

Natoa mfano. Mama ana mtaji wa shilingi 1,000,000. Kwa wiki anauza bidhaa za shilingi 300,000. Bidhaa hizo alizinunua kwa shilingi 250,000. Nauli na pango ni shilingi 20,000. Kilichobaki ni shilingi 30,000, na hilo ndilo pato lake. Fungu la kumi la pato hilo ni shilingi 3,000.

Lakini nimewaona wanaotoa shilingi 30,000, yaani sehemu ya kumi ya mauzo yote, wakidhani kwamba kila fedha iliyopita mkononi ni yao. Mama huyo ametoa faida yake yote. Watoto wanataka chakula, kwa hiyo anachukua, tuseme, shilingi 20,000 kila wiki katika mtaji. Kwa wiki 50 mtaji wake wa shilingi 1,000,000 umekwisha. Na kwa hakika utakwisha mapema zaidi, kwa maana mtaji unaopungua huleta faida inayopungua. Kisha atasema kwamba shetani amemwingilia. Hapana. Aliyemwingilia ni kukosa daftari.

Na kama mtaji huo ni wa mkopo, basi ni mali ya wanachama wenzake. Mtu hatoi sadaka ya ng'ombe wa jirani. Huku kwetu tunalielewa jambo hili bila kufundishwa, kwa kuwa tangu zamani wazee wetu wamekuwa na desturi ya kumkabidhi jirani ng'ombe amtunze. Jirani hunywa maziwa na kutumia samadi shambani mwake, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Aliyekabidhiwa ng'ombe akamchinja kwa sherehe zake hakuwahi kukabidhiwa mwingine. Mkopo wa chama ni ng'ombe huyo. Maziwa ni yako, na katika maziwa mtolee Mungu kwa moyo mkunjufu.

MKOPO KWA NDUGU WA IMANI

Duka langu la kwanza lilikufa, lakini halikufa kwa sababu ya kurudisha zile kilo. Kurudisha kulilidhoofisha, kilichoua ni madeni. Ndugu wa kanisa alikuja, akanisalimu kwa jina la Bwana, akachukua sukari na sabuni, akasema ataleta baada ya mavuno. Nilimwandika. Ndugu wa pili vilevile. Nilipokwenda kudai niliambiwa kwamba mzee wa kanisa hapaswi kuwa na moyo mgumu. Daftari la madeni lilipojaa, rafu za duka zilikuwa tupu.

Watu wa Rochdale hawakuwa matajiri, hata hivyo waliweka kanuni ya kuuza kwa fedha taslimu tu. Haikuwa ukatili. Walijua kwamba duka linalokopesha kila mtu hufungwa, na likifungwa maskini hurudi kwa mwenye duka anayempunja. Mwumini anayetaka kusaidia, na asaidie waziwazi, kwa fedha aliyoitoa katika faida na kuitenga kwa ajili hiyo. Kikombe cha sukari alichompa mgonjwa kiandikwe sadaka. Kisiandikwe deni ambalo wote wawili wanajua halitalipwa, maana deni la namna hiyo huvunja duka na kuvunja udugu kwa pamoja.

TOPE LA HANANG

Siwezi kusema juu ya biashara na imani katika wilaya hizi nisitaje tarehe 3 Desemba 2023. Siku hiyo, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima Hanang yakafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wako wenzetu waliopoteza ndugu, nyumba na duka kwa asubuhi moja.

Baadaye nilisikia watu wakinong'ona kwamba waliofunikwa walikuwa na dhambi fulani, au hawakutoa sadaka ipasavyo. Ndugu zangu, hilo ni neno baya, nalo halina msingi katika imani yetu. Yesu alipotaja habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa katakata kwamba wao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Tope halikuuliza daftari la mtu wala fungu lake la kumi. Basi anayeanza biashara asiambiwe kwamba uaminifu ni kinga ya hasara. Uaminifu ni wajibu, iwe kuna hasara au hakuna.

Kinga, kwa kadiri inavyopatikana duniani, ni akiba. Ndiyo maana sheria ya ushirika inataka chama kitenge sehemu ya ziada yake katika mfuko wa akiba kabla ya kugawana. Mwenye duka naye afanye vivyo hivyo, hata kwa shilingi chache kila wiki, na fedha hiyo asiiweke ndani ya duka lilelile.

JUU YA HOJA ILIYO MBELE YETU

Sasa nafika kwenye hoja. Je, barua ya mchungaji au paroko ikubaliwe mahali pa wadhamini?

Katika Ujerumani alikuwako meya mmoja aliyeitwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mkristo mwenye imani thabiti. Katika baridi ya njaa ya mwaka 1846 na 1847 aliwakusanya wenye uwezo wa Weyerbusch, wakatoa fedha, watu wakapata mkate. Alifuata njia hiyo ya hisani kwa miaka mingi. Lakini aliona kwamba hisani ya matajiri huchoka, na anayepokea bila kuwajibika habadiliki. Mwaka 1864 kule Heddesdorf alianzisha chama cha mikopo ambacho wakopaji wenyewe walikuwa wanachama, na kila mwanachama aliwajibika kwa deni la chama kizima. Imani yake haikupungua alipoacha hisani na kushika dhamana. Aliona kwamba kumpenda jirani ni pamoja na kuweka jina lako chini ya jina lake.

Huku kwetu pia tumeona tofauti hiyo. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari Walutheri wa Norwei mwaka 1955, ilianza kama jengo porini, na leo ni hospitali ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT na mji mzima umeota pembeni yake, kwa sababu watu wa hapa waliifanya yao. Lakini kule Basotu yalianzishwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma kwa msaada wa Kanada, juu ya malisho ya Wabarbaig ambao hawakuridhia, hata wengine wakaenda mahakamani miaka ya 1980. Matrekta yalikuwa mengi na utaalamu haukukosekana. Mfadhili alipoondoka miaka ya 1990, mashamba hayakuweza kuendelea kama yalivyokuwa. Mtaji usiobebwa na jirani hauna miguu.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba hoja isipitishwe kama ilivyo. Mwaka 2017 mchungaji wangu angeniandikia barua kumi kwa moyo mweupe, na zote zingekuwa za kweli kwa kadiri alivyonijua. Hakuna hata moja ambayo ingelipa deni langu. Aliyelilipa ni mtu mwenye maksai. Tena tukipokea barua badala ya dhamana, tunamtwika mchungaji kazi ya afisa mikopo, tunamfungia nje kijana asiyekwenda kanisani, na tunawafundisha wengine kwenda kanisani kwa ajili ya mkopo. Hilo la mwisho linanitisha kuliko hasara ya fedha.

Badala yake napendekeza mambo manne:

1. Barua ya kiongozi wa dini, awe mchungaji, paroko au imamu, ipokewe kama ushuhuda wa tabia tu, wala isihesabiwe kuwa dhamana.

2. Kila mwombaji alete hesabu ya ukurasa mmoja aliyoiandika mwenyewe: atanunua nini, kwa nani, atamwuzia nani, na atafanya nini bei ikianguka kwa nusu. Asiyejua kuandika hesabu, makatibu wamfundishe. Kazi hiyo nami niko tayari kuifanya bila malipo.

3. Kila chama cha msingi kiwe na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ikae mahali pa wazi, na mwanachama yeyote awe na haki ya kupima gunia lake kabla ya kuuza popote.

4. Mwanachama aliyeinuliwa na mkopo wa chama, akimaliza kulipa, amdhamini kijana mmoja. Mnaujua mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo anayepewa mtamba humpa jirani ndama jike wa kwanza. Asili yake ni mkulima Mkristo wa Marekani, Dan West. Aligawa maziwa kwa wenye njaa wakati wa vita ya Hispania, akaona kwamba kuwapa ng'ombe ni bora kuliko kuwapa kikombe. Na mwaka 1944 mitamba ya kwanza ikasafirishwa kwenda Puerto Rico. Tufanye vivyo hivyo kwa dhamana: aliyedhaminiwa naye adhamini.

Nitamaliza kwa jambo moja. Biashara yangu ya tatu ni mashine ndogo ya kukamua alizeti, tuliyoinunua watu watatu kwa fedha yetu. Tunanunua kwa kilo. Faida si kubwa, lakini mashudu yanauzika, na kutokana na mashine hiyo nimemaliza kumrudishia yule mdhamini wangu thamani ya maksai wake. Msimu ule alioupoteza sikuweza kumrudishia.

Miongoni mwa maombi yaliyoko mezani kwa Bodi leo limo la binti yake. Anataka kununua alizeti na kuuza mafuta kwa rejareja. Ana barua ya mchungaji, na hesabu yake ya ukurasa mmoja nimeisoma; ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika mimi. Hana wadhamini, kwa sababu watu wanakumbuka baba yake alivyoumia kwa kudhamini, na wanaogopa. Hofu hiyo niliipanda mimi.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, naomba fomu ya binti huyo iletwe hapa baada ya kikao, niandike jina langu na nyumba yangu kuwa dhamana. Kanuni zetu zinataka wadhamini wawili. Nafasi ya pili iko wazi.